Msimamizi kagoma kunibadilishia uwezo wa kibeti wangu, eti "ni wa damu". Damu gani?

Wakuu, naomba mnivumilie, leo nina povu.

Tunacheza Pathfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la kwanza, lile la 2009. Msimamizi ndiye anayesimulia hadithi (kampeni) na kuamua kanuni. Kampeni nzima iko baharini: visiwa, maharamia, meli zilizozama, na madude yanayotoka majini usiku. Mhusika wangu ni kibeti, yaani wa mbari (aina ya viumbe kwenye mchezo) ya watu wafupi wa milimani na mapangoni, mpiganaji wa shoka. Kabla hatujaanza nilimuuliza msimamizi waziwazi kama kibeti anafaa kwenye kampeni ya namna hii. Akasema anafaa kabisa, hakuna shida.

Haya, tuangalie anavyofaa. Kwenye karatasi yangu nina +4 (nyongeza kwenye namba zangu) ya kukwepa mapigo ya majitu. Majitu hayapo. Nina +1 ya kushambulia orki na goblini, maadui wa jadi wa vibeti. Hawapo. Nina +2 ya kugundua mitego na milango ya siri kwenye kuta na sakafu za mawe, na nikipita ndani ya futi 10 narusha dadu hata kama sikuwa natafuta kitu. Mawe yenyewe yako wapi? Tunaishi ndani ya mbao. Tukishuka pwani ni mchanga na mikoko.

Uwezo wa nne ndio ulionichefua kuliko yote. Kibeti ana +4 ya kupinga kusukumwa au kuangushwa, kwa sharti kwamba awe amesimama ardhini. Nikafurahi, maana kwenye meli kila adui anataka kukutupa majini. Siku ya kwanza naurukia uwezo huo, jamaa anafungua kitabu, anasoma sharti polepole kama hakimu, kisha anatoa hukumu: sitaha ya meli si ardhi. Hivi kweli? Sharti lile lipo ili usidai uimara ukiwa unaruka, unapanda ukuta au umekaa juu ya farasi. Mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili juu ya mbao ngumu anaelea hewani? Nilibishana mpaka wenzangu wakaanza kuchezea simu. Nikasukumwa baharini nikiwa na deraya nzito, na kuogelea kwenye deraya nzito mnakujua wenyewe.

Sasa upande wa gharama. Mwendo wangu ni futi 20 wakati binadamu wetu anakwenda 30. Mvuto wa mhusika umekatwa 2, kwa hiyo bandarini sina usemi, kila mazungumzo nanyamazishwa. Adhabu hizi hazijawahi kuuliza kama tuko baharini au milimani. Zinafanya kazi kila kikao, kila raundi. Ni faida tu ndizo zinazochagua mazingira.

Halafu tazama wenzangu. Halflingi wetu (mbari ya watu wadogo) ana +2 ya kupanda, +2 ya sarakasi, +1 kwenye kila dadu ya kujinusuru, ile ya kuepuka madhara kama sumu na uchawi. Kwenye meli yenye milingoti na kamba, yule ni mfalme. Binadamu alipewa uwezo mmoja wa ziada wa kuchagua mwenyewe na pointi ya ujuzi kila ngazi, na hakuna siku binadamu amekaa akajiuliza vitu hivyo vitamfaa lini. Siwaonei wivu, wachague wanachotaka. Ila nisikie tena mtu ananiambia "mbona hata wao wana vitu vyao", nitafunga karatasi yangu niondoke.

Nisiwe mwongo lakini. Ule uwezo wa kupima thamani ya vito na madini nautumia, maharamia wana masanduku. Kuona gizani futi 60 nautumia. Ile +2 ya kujinusuru dhidi ya sumu na uchawi imeniokoa mara nyingi. Hivyo sivigusi. Malalamiko yangu ni hivyo vinne vilivyolala.

Nilichoomba ni kidogo mno. Badala ya orki na goblini, ile +1 iwe dhidi ya sahuagin, samaki-watu wanaotuvamia karibu kila kikao. Angalieni: natoa makundi mawili napokea moja. Badala ya majitu, nipewe uwezo mbadala ambao umeshachapishwa, wa vibeti waliozoea kupambana na viumbe vya kutisha vya vilindini kama aboleth: +2 ya kukwepa, na +2 nyingine tukikamatana nao. Natoa 4 nachukua 2. Na badala ya mawe, nijue mbao za meli: ubao uliounganishwa vibaya, ukuta wa shehena wenye nafasi ya siri nyuma yake. Namba ileile, futi zilezile.

Jibu lake: "Hapana. Uwezo wa mbari ni wa damu, huwezi kuzaliwa na damu nyingine."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu hajasoma kanuni anazozisimamia. Kanuni yenyewe inasema ile +1 dhidi ya orki na goblini inatokana na mafunzo maalumu dhidi ya maadui hao. Mafunzo! Ile ya majitu nayo jina lake ni mafunzo ya kujilinda. Kujua mawe ni elimu ya watu wanaoishi kwenye mawe. Macho ya gizani, sawa, hayo ni ya mwili. Kuhimili sumu ni kwa mwili. Lakini kibeti wangu nilimwandikia historia ya kurasa mbili, na msimamizi aliipitisha: kazaliwa kwenye karakana ya meli, baba yake fundi wa mashua, babu yake aliuawa na sahuagin. Huyo mtoto alifundishwa na nani kukwepa rungu la jitu? Nani alimpeleka mlimani? Ukishakubali historia yake, ukubali na alichofundishwa.

Akahamia hoja ya pili: mizania. Eti akinipa mimi, mchezo utapinda. Wakuu, mchezo huu una bei ya kila uwezo! Mwaka 2012 kilitoka kitabu cha kutengeneza mbari kwa pointi, na mbari za msingi zote zilipigiwa hesabu humo. Kibeti anagharimu pointi 11. Chuki dhidi ya orki na goblini, pointi 1. Mafunzo dhidi ya majitu, pointi 1. Kujua mawe, pointi 1. Uimara wa miguu, pointi 1. Vitu vinne anavyovilinda kama hazina ya taifa ndivyo vya bei ya chini kabisa kwenye orodha, na nilichoomba hakizidi bei hiyo. Kinachoendelea ni kwamba mimi nimelipa 11 natumia 7. Kama ni mizania, ianzie hapo.

Na uwezo mbadala wa mbari si uzushi wangu. Ulichapishwa rasmi 2010, mwaka mmoja tu baada ya mchezo kutoka, kwa sababu waandishi walijua fika kwamba si kila kibeti anaishi pangoni. Ile bonasi dhidi ya majitu ni urithi wa zamani sana, kutoka mchezo uliozaa Pathfinder: kwenye D&D ya 1978 majitu yalikuwa yakipunguziwa 4 yakimshambulia kibeti, na kibeti alikuwa na +1 dhidi ya orki na goblini. Wakati huo wahusika walikuwa wakishuka mashimoni kila wiki, ilikuwa na maana. Sisi tunaburuza kanuni ya mashimoni kwenye maji ya chumvi halafu tunaiita utamaduni.

Hata D&D yenyewe imeshatoka huko. Kanuni za hiari za 2020 zinaruhusu kubadilisha ustadi wa silaha na vifaa uliopewa na mbari, na vitabu vya 2024 vimeacha hata neno mbari, vinasema spishi. Kujua mawe kwa kibeti kumegeuzwa kuwa uwezo wa kuhisi mitetemo hadi futi 60 akiwa amegusa jiwe. Bado ni jiwe, najua, baharini ningelia vilevile. Lakini angalau mtu alikaa akajiuliza: hiki kitu kinatumika mezani au kinapamba karatasi?

Nikajaribu njia ya amani. Nikamwambia basi, kama hubadilishi karatasi, badilisha ulimwengu. Tuletee jitu moja la baharini, tupe kisiwa chenye magofu ya mawe. Hiyo ni kazi ya msimamizi, kuwapa wachezaji mahali pa kutumia walichonacho. Unajua alifanya nini? Kikao kilichofuata akaweka goblini mmoja bandarini. Mmoja, ombaomba, hana hata kisu, akaanza kututukana. Meza nzima ikanigeukia: "Haya kibeti, +1 yako hiyo." Danganya toto ya kiwango cha juu. Nilikataa kumpiga. Sasa naitwa mchezaji mgumu.

Kuna atakayeniambia uwezo usiotumika unampa mhusika ladha. Sikatai. Ladha napewa bure nikisimulia kwamba kibeti wangu anasalimia kila mwamba anaoukuta. Sihitaji kulipia ladha kwa pointi zangu. Mwingine atasema nibadilishe mhusika nicheze binadamu. Mbona mzigo urudi kwangu, wakati msimamizi ndiye aliyejua tangu mwanzo kwamba hakuna jitu wala orki kwenye kampeni yake na bado akasema "anafaa kabisa"? Angeniambia siku ile ningechagua kwa macho yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata zile namba.

Nimemwandikia ujumbe wa mwisho. Nimeweka mapendekezo matatu, bei ya kila moja, na kuhusu sitaha nimemuuliza kama mhusika aliyesimama kwenye daraja la mbao naye hayuko ardhini, kwa sababu mwanzoni mwa kampeni alinihesabia uimara kwenye daraja la mbao na shahidi ninaye. Ameusoma. Kimya.

Wasimamizi mliomo humu, nataka majibu ya vitendo, mawaidha niwekeeni pembeni. Mmeshawahi kumbadilishia mchezaji uwezo wa mbari katikati ya kampeni? Mlibadilisha nini kwa nini, na wenzake mezani walipokeaje? Na yeyote mwenye hoja ya kanuni, kanuni kabisa na si "mimi naona", kwamba sitaha si ardhi, ailete hapa niisome. Kikao ni wikiendi hii.