Simu inasema "nafasi haitoshi" kila saa: niflashi, niweke memori kadi au nichukue used?

Parachichi_Tukuyu
Habarini wakuu. Nina simu yangu ya siku nyingi imeanza kunisumbua, WhatsApp inagoma kuapdeti, Chrome tovuti zingine zinasema muunganisho si salama, halafu nikipiga picha ya mzigo nimtumie mteja inaniambia nafasi haitoshi, nafuta picha, inakaa kidogo inajaa tena. Fundi mmoja hapa stendi anataka elfu 25 aiflashi, yaani aiwekee mfumo upya. Shemeji anasema nunua memori kadi kubwa yaishe. Mama watoto yeye kasema niende Kabwe pale Mbeya nikachukue simu used. Hela iliyopo ni laki na ishirini na sitaki kuivuka maana mbolea inanisubiri. Mnanishauri nini??

Mwana_Uyole
Simu gani? Android ngapi? RAM je? GB za ndani? Umetuletea mgonjwa bila kadi ya kliniki halafu unauliza dawa.

Kihesa_Juu
Used ya Dubai mkuu, usijadili sana. Mimi tangu nianze kutumia hizo sijawahi kurudi dukani kununua simu mpya ya bei rahisi, zile mpya za laki na kitu ni mapambo tu.

DadaWaMafinga
@Kihesa_Juu hajajibu hata maswali ushamuuzia simu 😂

Parachichi_Tukuyu
Samahani network huku inakuja na kuondoka. Jina la simu sitaji maana nawajua humu mtaanza ligi ya kampuni. Ni Android 6, RAM 1.5, ndani imeandikwa GB 8.

Mwana_Uyole
GB 8!! Basi nusu ya matatizo umeshayajibu mwenyewe. Hapo mfumo wa simu wenyewe umeshajichukulia kama nusu, zinazobaki ndo unagombania wewe na Google Play Services na WhatsApp na Facebook. Fundi akiiflashi itarudi na GB 8 zile zile, itakuwa nyepesi siku za mwanzo, ukirudisha apu zako tunakutana hapa hapa. Hiyo elfu 25 usitoe.

Fanya hivi kwanza, bure. Fungua faili za simu, ingia folda ya WhatsApp, halafu Media, utakuta folda za picha na video na ndani yake kuna folda inaitwa Sent. Kila picha ya parachichi unayomtumia mteja kopi yake inaweza kukaa humo, ya kwenye kamera ukiifuta ile ya Sent inabaki, ndo maana unasema unafuta na inajaa. Halafu zima WhatsApp isipakue yenyewe picha na video za magrupu. Facebook ya kawaida itoe weka Lite au ingia kwa brauza. Apu zilizokuja na simu zisizotoka, zi-disable uondoe na apdeti zake.

Fundi_Mstaafu
Nakubaliana na Uyole. Naongeza kuhusu WhatsApp, wasije wakakutisha kwamba simu yako imeshafungiwa. Oktoba 2023 walizoacha ni zile zilizo chini ya Android 5, wewe una 6. Inagoma kuapdeti kwa sababu apdeti inahitaji nafasi ya kupakua na ya kujifungua, nafasi huna.

Ile ya "si salama" ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwanza angalia tarehe ya simu, betri ikizimika kabisa simu nyingi za zamani zinarudi mwaka wa zamani na hapo tovuti zote zinagoma. Kama tarehe iko sawa basi ni vyeti. Tovuti nyingi sana zinatumia vyeti vya Let's Encrypt (shirika linalotoa bure vyeti vya kuthibitisha tovuti), na cheti chao cha mzizi, kile kinachothibitisha vingine, kimo ndani ya Android kuanzia 7.1.1. Zilizo chini ya hapo zilikuwa zinabebwa na mpango wa muda ambao umeisha Septemba 2024. Kwa hiyo simu ni nzima, ila haimjui aliyesaini cheti. Dawa ni brauza inayobeba orodha yake ya vyeti, Firefox ni mojawapo, tafuta toleo linalokubali Android 6, au upakue cheti hicho cha mzizi, kinaitwa ISRG Root X1, kwenye tovuti ya Let's Encrypt kupitia simu nyingine, ukiweke kwenye setingi za usalama. Itakudai uweke PIN ya kioo, usishangae.

Parachichi_Tukuyu
Tarehe iko sawa. Kumbe ndo maana tovuti zingine zinafunguka na zingine zinagoma. Sasa memori kadi je? Maana shemeji kashanitafutia ya GB 64 kwa bei chee.

Mama_Makambako
Kaka yangu hapo kwenye "bei chee" ndo nimeamua kuandika maana nilikuwa nasoma tu. Mimi nilikuwa na simu kama hiyo ya Android 6, nikampelekea kijana mmoja fundi ananiambia mama hapa tunaweka kadi tunaifanya iwe sehemu ya simu, nafasi inaongezeka. Kweli ikaongezeka, nikafurahi, apu zikahamia huko, picha zote huko, picha za msiba wa baba mkwe zilikuwa humo, picha za mtoto kipaimara humo, na orodha ya watu wanaonidai na ninaowadai kwenye daftari la simu humo humo. Hakuniambia kwamba kadi ikishawekwa kwa mtindo ule inafungwa na ile simu peke yake. Sasa baada ya muda simu ikaanza kuwa nzito kuliko hata mwanzo, unabonyeza unakaa unasubiri, halafu asubuhi moja inasema kadi imetolewa na wala sijaigusa. Naitoa naipeleka steshenari waifungue kwenye kompyuta, kompyuta inasema ifomati kwanza. Nikaenda Njombe, nikaambiwa data zimefichwa kwa funguo iliyo ndani ya simu, nje ya simu hakisomeki kitu, na kadi yenyewe ni feki imeandikwa 64 wakati ndani hazifiki hata robo, ukishajaza inaanza kuandika juu ya vitu vya zamani. Yule kijana nikamfuata akanijibu "mama kadi ulinunua wewe". Nilikaa kimya tu nikaondoka maana ningesema kitu cha kujutia.

DadaWaMafinga
Pole sana mamaa 😢 picha za kipaimara zinauma

Mwana_Uyole
Pole mama. Ndio mtindo ule wa Android 6 wa kuifanya kadi iwe ya ndani. Kadi si mbaya, iwekeni kama kadi ya kawaida tu, kamera ihifadhi picha huko basi. Ikifa simu kadi inasomeka popote. Na kabla ya kuiamini ijaze mafaili mpaka mwisho kwenye kompyuta halafu ufungue ya mwanzo na ya mwisho uone kama yanafunguka.

Kihesa_Juu
Mnamzungusha mwenzenu. Kufuta Sent, kuweka cheti, kupima kadi, ni kazi ya kudumu hiyo. Mtu analima bwana.

Fundi_Mstaafu
Na used nayo ina kazi yake. Mwambieni kuanzia Android 5.1 simu ikirisetiwa kwa vitufe inadai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kurisetiwa. Kwa hiyo muuzaji atoe akaunti yake mwenyewe, airiseti mbele yako, uiwashe mpaka ikufikishe mwisho ndo utoe hela. Piga *#06# ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi kama lipo, na uitume kwa SMS kwenda 15090 uone inakujibu simu gani. Ikikujibu jina la simu tofauti na unayoishika, rudisha mezani uondoke.

Ipogolo_Boy
Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki? Mtaani kwetu watu walikuwa wanazurura na vitochi wiki nzima 😂😂 mjomba wangu alikuwa anajidai na simu ya laini tatu yenye TV na antena

DadaWaMafinga
Ya antena!! Nyumbani ilikuwepo, taarifa ya habari tunaangalia tukiwa tumeizunguka jikoni

Fundi_Mstaafu
Na simu kukosa mtandao ndo la kuogopa kwenye kuflashi pia. Fundi akiharibu, IMEI inapotea, laini hazisomi. Halafu atakwambia "naandika nyingine", kubadilisha IMEI ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta (EPOCA) ya 2010, usikubali.

Ipogolo_Boy
Mbona hamjataja romu za mtaani, yaani mifumo ya Android isiyotoka kwa kampuni ya simu? LineageOS inaweza kumpa Android ya juu kwenye simu ile ile bure.

Mwana_Uyole
Tungejua simu gani tungemwambia kama ipo. Hataki kutaja 😅 Na kwa RAM 1.5 sioni faida, apu za benki nyingi zinakataa romu hizo. Pesa atumie menyu tu, *150*00# ya M-Pesa haiulizi Android.

Njombe_Baridi
Mimi yangu asilimia 40 inazima ghafla alfajiri, nayo ni programu?

Fundi_Mstaafu
Hiyo ni betri kuukuu na baridi ya Njombe mzee, ilale ndani ya blanketi usiiache dirishani. Ikiendelea badili betri.

Parachichi_Tukuyu
Wakuu nimeingia Sent nimekuta picha za mzigo wa mwaka juzi, za kreti, hadi za gari lililokwama Kiwira. Nimefuta nimepata GB moja na kitu, WhatsApp imekubali. Cheti bado sijaelewa, nitamtafuta kijana wa shule anisaidie. Kwa fundi siendi. Used bado naiwaza ila mama watoto hajafurahi na mwelekeo wa huu uzi 😂

Mama_Makambako
Picha zingine uzihamishe kabla hujafuta baba, utazikumbuka.

Njombe_Baridi
Parachichi zenyewe ni Hass? Na mbolea unaweka saa ngapi, kabla ya mvua au zikishaanza? Mimi miche yangu ina mwaka wa pili majani yanageuka njano.

Parachichi_Tukuyu
Hass ndio. Njano ya majani ya chini au ya juu? Tuma picha.

Njombe_Baridi
Inasema nafasi haitoshi