Turbo inatoa moshi ndege ikipaa: kosa ni turbo au njia ya kurudisha oili?

Panga_Mbao:
Wakuu, naomba ushauri kabla sijaivua turbo. Injini ni ya gari, silinda 4 bapa, lita 2.2, nimeifunga kwenye ndege ya kujitengenezea ya viti viwili yenye gurudumu la mkiani. Turbo ni ya beringi za bushi, imekaa chini nyuma ya injini, jirani na ukuta wa kuzuia moto. Oili inarudi kwa mpira wa kipenyo cha ndani mm 10, urefu cm 40, unaokwenda mbele na kuingia ubavuni mwa sampu (bakuli la oili chini ya injini), cm 1 juu ya alama ya kujaa. Una fitingi 2 za digrii 90. Ndege ikinyooka, mdomo wa turbo wa kutolea oili uko juu ya tundu la sampu kwa cm 5.

Dalili: nikiwasha asubuhi moshi wa bluu kama dakika 1, kisha unakata. Nikipaa kwa nguvu zote unarudi baada ya dakika 2 au 3. Nikinyoosha ndege, hakuna kitu. Oili inapungua lita 1 kwa kila saa 5. Nimeambiwa sili zimekufa, ninunue turbo mpya. Shafti ina mchezo mdogo wa kando. Wa mbele na nyuma sihisi, na mapanga hayajakwaruza nyumba.

SampuKavu:
Mkuu, usinunue turbo. Mchezo mdogo wa kando ni kawaida kwa beringi za bushi, maana shafti huelea juu ya oili. Na sili unazoambiwa zimekufa ni ringi nyembamba, ndugu wa ringi za pistoni. Zipo kuzuia gesi isiingie kwenye nyumba ya beringi. Hazikuundwa kushikilia oili iliyojaa.

Oili inaingia turbo kwa presha, lakini ikishapita kwenye beringi presha imekwisha. Shafti inaichapa mpaka inakuwa povu, na kuanzia hapo inashuka kwa uzito wake tu. Njia ikiziba au ikipanda mlima, oili inajaa humo ndani mpaka inazifikia ringi, inatokea upande wa tabaini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya ekzosi) na kuungua. Ukifunga turbo mpya kwenye mpira huohuo, itatoa moshi uleule.

Sasa angalia namba zako. Mpira unakwenda mbele cm 40. Ndege ikiinua pua digrii 12, ncha ya mbele inapanda kama cm 8. Ulikuwa na mteremko wa cm 5, sasa una mlima wa cm 3, tena wakati turbo inapokea oili nyingi kuliko wakati wowote. Moshi wa asubuhi una sababu hiyohiyo: ndege ya gurudumu la mkiani hulala ikiwa imeinua pua. Oili iliyobaki kwenye turbo inakusubiri mpaka kesho.

Fitingi10:
Naunga mkono, na mm 10 ni ndogo hata kama mteremko ungekuwepo. Povu linataka nafasi. Usishuke chini ya mm 12.7 mahali popote njiani. Mpira wa namba 10, wenye tundu la karibu mm 14, ndio salama. Pima tundu la fitingi zenyewe pia, kwa sababu fitingi ya digrii 90 ya bei rahisi hubana ndani hata kama nje inaonekana nene. Tumia ya digrii 45 au bomba la chuma lililopindwa taratibu.

Fungua flenji ya chini ya turbo utazame gasketi. Tundu lake likiwa dogo kuliko la flenji, linakula nusu ya njia. Usipake silikoni pale: inayojibinya ndani hukatika na kwenda kuziba mbele. Mpira wa silikoni nao hapana, oili huulainisha na kupenya. Weka wenye utando wa ndani wa tefloni na wavu wa chuma, uvishe soksi ya kuzuia moto, na uweke bati la kukinga joto kati yake na tabaini. Oili ikidondokea ekzosi hewani huo ni moto, si uchafu wa kufuta.

Kipima_Maji:
Kuna jambo halijaguswa: presha ya ndani ya krenkesi (nyumba ya krenki, iliyo wazi kwa sampu). Oili ina uzito wa kama 0.85 ya maji, kwa hiyo kimo cha cm 5 kinasukuma kama cm 4 za maji. Ikiwa nusu yake ni povu, zinabaki 2. Presha ndogo kiasi hicho kwenye sampu inatosha kuizuia oili isishuke hata ndege ikiwa imenyooka.

Pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uupinde kama U, tia maji, ncha moja uifunge kwenye bomba la dipstiki, nyingine iache wazi. Mpira uwe mrefu kufika kwa rubani, usisimame karibu na propela. Soma tofauti ya kimo injini ikiwa moto, nguvu zote, ndege imefungwa na kuwekewa vigingi. Urudie hewani, kwa sababu mdomo wa briza (bomba la kupumulia krenkesi) ukitazama upepo unaweza kusukuma hewa irudi ndani.

Na kama briza inatoka nje ya boneti, toboa tundu la akiba kwenye bomba lake mahali penye joto ndani ya boneti. Mvuke wa maji huganda mdomoni kwenye baridi ya juu, presha inapanda, na sili ya mbele ya krenki inaweza kung'oka.

Mwewe_81:
Mimi ningeweka pampu ya kufyonza na kuacha turbo ilipo. Rotax 914, injini ya ndege ndogo, turbo yake iko chini, na ina pampu yake ya kurudisha oili kwenye tangi. Mbona inafanya kazi.

SampuKavu:
Inafanya kazi kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na injini yenyewe. Ya umeme ni habari nyingine: ikizimika, kinachofuata ni oili kutoka nje kwa ekzosi. Ikipita hata lita 1 kwa dakika, sampu ya lita 4 huna dakika 4. Na huwezi kukata oili ya turbo ili kuokoa injini, beringi zitakufa kwanza.

Anayelazimika kuweka pampu aifanye hivi: kikopo cha kukusanyia chini ya turbo, chenye bomba la hewa linalorudi kwenye krenkesi, chujio la wavu kabla ya pampu, pampu yenye uwezo wa mara 2 hadi 3 ya oili inayoingia, maana nyingi inayovuta ni hewa, na swichi ya boya kwenye kikopo inayowasha taa mbele ya rubani. Turbo ikiwa chini ya kina cha oili, weka pia vali ya njia moja kwenye bomba la kuingizia, la sivyo oili itateremka yenyewe injini ikizimwa.

Usidanganyike kubana oili inayoingia kwa tundu la mm 1. Hilo ni la turbo za beringi za gololi.

Kipima_Maji:
Kabla ya kukata chuma: vua mpira upande wa turbo, mkia ukiwa chini, mimina nusu lita ya oili vuguvugu kwa faneli. Kisha inua mkia ndege inyooke, rudia. Baadaye toa hiyo ya ziada kwenye sampu.

Panga_Mbao:
Nimefanya. Mkia chini: oili ilisimama mpirani, haikushuka. Mkia juu: ilishuka, ila polepole. Presha ya krenkesi ni cm 1 ya maji. Naweza kuinua turbo cm 9 kwa kutengeneza bomba jipya la ekzosi, na ukuta wa nyuma wa sampu uko cm 5 tu mbele ya mdomo wa turbo. Urefu wa sampu ni cm 30. Nichomelee wapi?

SampuKavu:
Ukuta huohuo wa nyuma. Pua ikiinuka digrii 12, oili kwenye sampu ya cm 30 inapanda nyuma kama cm 3, kwa hiyo sakafu ya tundu iwe cm 4 juu ya alama ya kujaa. Utabaki na mteremko wa cm 11, na ukipaa bado zaidi ya 9. Geuza nyumba ya turbo mdomo utazame chini kabisa. Isizidi digrii 35 kutoka wima. Kugeuka hewani hakutakusumbua kijipira (cha kuonyesha kama ndege inateleza) kikiwa katikati, kwani oili inaendelea kuvutwa kuelekea sakafu ya ndege. Ni kuteleza kwa ubavu ndiko kunakoihamisha.

Turbo ibebwe na breketi, isining'inie kwenye bomba la ekzosi. Safisha pia mabomba ya hewa baada ya kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa kwenye injini): oili ikiingia kwenye silinda inapunguza oktani na injini inaanza kugonga. Ukimaliza rudia jaribio la faneli, mkia ukiwa chini.