MJADALA: Makanisa ya Wamarekani Weusi yapokee fedha za serikali kuhudumia mitaa?

Wadau, tangu Clinton atie saini sheria ya ustawi wa jamii mwaka 1996, kanisa la Marekani linaweza kupewa fedha za serikali kuu kwa huduma za mtaani bila kuficha dini yake, mradi zisiende kwenye ibada wala mahubiri. Mwaka 2001 Bush akafungua ofisi White House kusukuma jambo hilo. Wachungaji Weusi wakagawanyika. Wapo wanaosema hizo ni kodi za waumini wao. Wapo wanaosema anayekulisha atakufunga mdomo.

Mimi naunga mkono, kwa sharti zito: mkataba ukikatwa kesho, sadaka iweze kubakiza angalau mlango mmoja wazi.

Tazameni Philadelphia. Mwaka 1960 Leon Sullivan, mchungaji wa Zion Baptist, na wenzake wapatao 400 walitangaza mimbarini: msinunue keki za Tasty Baking mpaka iajiri watu wetu kama madereva wauzaji na makarani. Kampuni ikasalimu amri. Nyingine zikafuata, lakini wengi mtaani hawakuwa na ujuzi uliotakiwa. Ndipo mwaka 1964 Sullivan akafungua OIC, kituo cha mafunzo ya kazi, ndani ya jela kuukuu. Fedha za Washington zikaja, matawi yakaenea miji mingi. Miaka ya mwanzo ya 1980 Reagan akakata bajeti ya mafunzo, na matawi yakabanwa vibaya. La Philadelphia lipo hadi leo. Naamini ni kwa sababu watu wake walikuwepo kabla ya hundi ya serikali.

Kinachonikera ni ajira. Sheria ya 1996 inaliruhusu kanisa kuajiri wa imani yake tu, hata kwenye kazi hizo za mkataba. Philadelphia ina Waislamu Weusi wengi. Mama wa Kiislamu anayelipa kodi anyimwe kazi ya kuwapikia wazee wa mtaa wake kwa sababu ya dini yake? Hapana! Waliosusia keki kudai ajira ya haki hawawezi kuweka kizuizi kilekile kwenye jiko la kanisa.

Wanaopinga ushirikiano wote, nijibuni: kanisa likikataa mkataba, ni nani mwingine hapo mtaani mwenye ukumbi, jiko na watu wanaowajua wazee hao kwa majina?