AWD kwenye theluji: kupanda inapanda fresh, kusimama ndo haitaki. Gari au dereva?

Mgeni_wa_Baridi
Wakuu habari zenu, naomba kuuliza kwa wale mnaoendesha sehemu zenye theluji. Nina hizi SUV ndogo, AWD (injini inavuta tairi zote nne), otomatiki, niliichukua makusudi kwa ajili ya baridi na muuzaji akaniapia kwamba hii inapita popote. Na kweli wiki ya kwanza nilijiona mfalme, wenzangu tairi zinazunguka bure kwenye kamlima ka kutokea kwangu, mimi napanda taratibu hata mafuta sikanyagi sana. Sasa juzi asubuhi nashuka kamlima hako hako, spidi haifiki 30, mbele kuna makutano, nikafunga breki kama siku zote, aisee pedeli ikaanza kunitetemekea mguuni na mlio krrr krrr huko chini na gari linaenda tu. Nakata stelingi kulia, tairi zimegeuka kabisa nazihisi, gari linanyooka mbele kama mtumbwi. Nikaishia kwenye lundo la theluji pembeni, bahati hakukuwa na mtu na bampa halina hata mkwaruzo.

Kutoka hapo nako balaa, nikikanyaga mafuta injini inajikata nguvu yenyewe, ile taa ya kagari kanakoserereka inawaka inazima, gari halisogei, mpaka nikavutwa. Hii AWD ni mbovu au mimi ndo sijui? Tairi ni zilezile zilizokuja na gari, kashata (meno ya tairi) bado zipo nzuri tu.

Spana17
Gari zima mkuu, na huo mlima ndo uliokuponza. AWD inagawa nguvu ya injini kwenda tairi nne, basi. Breki kila gari inazo nne, hata hako kagari ulikokapita, kwahiyo kwenye kusimama AWD haikuongezei kitu. Tena mwenye kagari kale tairi zilimzungukia mapema akajua leo barabara sabuni, wewe ulipanda kama hakuna kitu ukaenda kugundua kwenye makutano.

Sasa tairi. Hizo za majira yote mpira wake unaanza kukakamaa hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kashata ziwepo zisiwepo haung'ang'anii vizuri. Angalia ubavuni, kama kuna kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu na ndani yake alama ya theluji, hizo zimepimwa kwenye theluji. Kama kuna M+S (yaani matope na theluji) peke yake usiitegemee sana. Na kina cha kashata kikishuka chini ya milimita 4 kwa theluji nahesabu zimeisha, hata kama sheria inaruhusu chini ya hapo. Upepo pia pima, baridi inaula, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka.

mama_wa_stelingi
Pole sana kaka. Huo mtetemo ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukifunga breki, inafanya kazi yake, usiogope ukaachia, endelea kukandamiza. Ila kosa lako ni kwamba uliiomba tairi ifanye mambo mawili kwa wakati mmoja, isimame na ikate kona, na yenyewe nguvu ya kushika chini inayo kidogo tu. Breki fungia kwenye mstari ulionyooka, achia, ndo ukate. Na ukiona umekata stelingi gari linaenda mbele usiongeze kukata!! rudisha kidogo na uondoe mguu kwenye mafuta, tairi zikianza kushika utasikia pua inageuka yenyewe.

Mteremko mimi naweka L, ile gia ndogo, kabla sijaanza kushuka, sio nikiwa katikati, injini inalizuia gari lenyewe na breki nagusagusa tu. Na kila asubuhi mita chache za kwanza, nikishaangalia kioo nyuma hakuna mtu, nakanyaga breki mara moja kusikiliza leo inashikaje.

Mgeni_wa_Baridi
Nimetoka kuangalia, ni M+S tu, mlima hakuna 😂 Je nikinunua mbili nikafunga mbele kwanza? maana hela..

Spana17
Hapana. Mbele ishike nyuma iteleze, ukifunga breki kwenye kona mkia unakuja kukusalimia. Na AWD haipendi tairi za mzingo tofauti, hizi SUV ndogo nyingi zinavuta kwa mbele, kuna klachi karibu na difu ya nyuma inayoshika pale mbele ikiteleza, ukiweka tairi zisizolingana inasuguana muda wote. Nne au subiri.

Koleo_Butini
Hilo la injini kukata nguvu ni mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure, kwenye lami unakuokoa ila ukishakwama ndo unakukwamisha zaidi. Kuna kitufe chenye kale kamchoro ka kagari, zima, nyoosha tairi za mbele, chimba theluji mbele ya kila tairi, halafu mbele kidogo nyuma kidogo taratibu. Usikanyage moto dakika nzima, ile klachi ikichemka inajiachia unabaki na tairi za mbele tu. Kapeti za miguuni ukizitegea chini ya tairi zinasaidia ila asisimame mtu nyuma, yangu ilichomoka kama sahani ikapita mita kadhaa. Ukitoka washa kitufe tena. Na ukikaa ndani injini inaunguruma hakikisha eksozi haijafunikwa, ule moshi unaua kimyakimya.

Mgeni_wa_Baridi
Shukrani wakuu. Leo nimeshuka na L, nimefika chini breki nimegusa mara mbili tu. Tairi mwisho wa mwezi, mpaka hapo nazunguka njia ya tambarare japo ni ndefu.

mama_wa_stelingi
Safi. Na theluji ya kwenye paa uwe unaifuta, mimi nilifunga breki ikashuka yote kwenye kioo cha mbele, waipa zikagoma kuinua, nikasimama kwa kuchungulia dirisha la pembeni.