Makocha wa watoto, mnawatukana kwa kukosea nafasi za kusimama ambazo hamjawahi kuwafundisha

Wanajamvi, nawasalimu. Naomba mnivumilie, kwa kuwa naandika nikiwa na hasira ambayo haijapoa tangu Jumamosi asubuhi. Mwanangu ana miaka 12, na kila mwezi namlipia ada katika kituo kimoja cha soka la vijana hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa sababu naamini tatizo hili haliko kwao peke yao. Anacheza namba mbili, yaani beki wa kulia. Namba hiyo alipewa siku ya kwanza, kabla hajagusa mpira, kwa kutazamwa umbo tu: warefu walipelekwa katikati ya ulinzi, wenye mbio wakawekwa pembeni, na mtoto mnene kuliko wote akavishwa glovu.

Jumamosi tulicheza na watoto wa mtaa wa jirani. Mpira ulikuwa upande wetu wa kushoto, winga wao akampita namba tatu wetu, beki wa kushoto, mabeki wawili wa kati wakavutwa kwenda kusaidia, na mwanangu akabaki karibu na mstari wa pembeni kulia, hatua zisizopungua ishirini kutoka kwa mwenzake wa karibu. Krosi ikatua katika uwazi huo, na mshambuliaji wao akafunga bila kukabwa na mtu. Kocha akapaza sauti mbele ya wazazi wote: "Namba mbili, uko wapi? Kichwa maji wewe!" Akamtoa papo hapo.

Mtoto alikuwa mahali pale pale alipoambiwa awe. Wiki mbili kabla, nikisikia kwa masikio yangu, alimwuliza kocha huyo huyo: "Mwalimu, mpira ukiwa kushoto, mimi nasimama wapi?" Akajibiwa: "Simama kwenye namba yako." Alitii, na kwa utii wake akatukanwa.

Beki wa kulia hana kiwanja chake mle ndani ya uwanja. Mahali pake hubadilika kila mpira unapohama: ukiwa kushoto, anabana ndani hadi usawa wa goli, akiwa karibu na beki wa kati kiasi cha kuweza kumsaidia; mpira ukihamishiwa kulia, anatoka kwenda kumkabili winga wakati pasi ikiwa bado njiani, na wenzake watatu wanasogea naye ili pasibaki pengo; timu yake ikiwa na mpira, anapanda, lakini baada ya kuhakikisha kwamba namba sita (kiungo mkabaji) au beki mwingine amebaki kulinda nyuma yake. Mambo haya mtoto wa miaka 12 anayaelewa kabisa akionyeshwa. Jumamosi hiyo jioni nilipanga vizibo vya soda juu ya mkeka, punje moja ya hindi ikawa mpira, na kila nilipoisogeza punje nilimwambia asogeze vizibo vinne vya nyuma. Baada ya robo saa alikuwa ananisahihisha mimi.

Kocha Arrigo Sacchi, aliyeipa klabu ya AC Milan ya Italia ubingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990, aliwafanyisha wachezaji wake mazoezi bila mpira, wakihama kwa pamoja kufuatana na mahali alipowaambia kwamba mpira upo. Ikiwa mabeki wake mashuhuri Franco Baresi na Paolo Maldini walihitaji kufundishwa kusogea pamoja, mtoto wa darasa la sita atayajulia wapi? Pale kwetu nusu saa ya kwanza ni kuzunguka uwanja, kisha watoto wanapanga foleni ndefu kupiga mashuti, na muda uliobaki wanagawanywa timu mbili na kuachiwa mpira, huku kocha akiwa pembeni anapiga kelele za "panda!" na "rudi!" Hakuna siku niliyomwona akisimamisha mchezo, akamshika mtoto bega na kumwonyesha umbali kati yake na mwenzake.

Nilipomfuata kwa adabu baada ya mechi, alinijibu: "Mzazi, mifumo watajifunza wakikua, sasa hivi wacheze tu." Basi kama wanacheza tu, matusi yanatoka wapi? Huwezi kumwadhibu mtoto kwa somo uliloamua mwenyewe kuliahirisha.

Sidai waalimu wa watoto wawe na leseni kubwa wala vifaa vya gharama. Nadai dakika ishirini katika kila mazoezi, mabeki wanne dhidi ya washambuliaji watano au sita, na filimbi inayosimamisha mchezo pale mpangilio wa mabeki unapovunjika ili watoto watazame na kusahihishana. Nadai pia wapokezane namba, kwa sababu aliyewahi kucheza winga anajua beki anamtesea wapi. Na mwanangu aombwe radhi mbele ya wale wale waliosikia akitukanwa, kwa maana tangu siku hiyo viatu vyake viko chini ya kitanda na vumbi la mechi ile, na leo nilipomkumbusha mazoezi amesema tumbo linamuuma.