Waya za dashibodi ya Land Rover: niagize seti mpya, nichomoe kwenye mkweche, au nisuke mwenyewe?

Mwana_Isevya
Habari za jioni wakuu. Nina Land Rover ya zamani ya marehemu mzee, imekaa chini ya mwembe hapa Tabora mjini miaka mingi. Injini inapiga. Shida ni nyuma ya dashibodi: waya zimeliwa na panya, maganda yamekauka, ukizigusa tu yanapukutika. Nataka nizifanye mwenyewe nyumbani, jioni nikitoka kazini. Njia nilizonazo: niagize seti iliyosukwa tayari kutoka Uingereza, nichomoe kwenye mkweche mmoja nilioonyeshwa Urambo, au ninunue waya za kupima kwa mita nisuke upya. Ipi ina unafuu? Jumamosi natakiwa nimjibu mwenye mkweche.

KaziIendelee_tbr
Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kiti.

Rewaya_Mwanga
Mkuu, kusema "Land Rover ya zamani" ni sawa na kwenda duka la dawa ukasema "naumwa". Ni Series (toleo) ngapi? Petroli au dizeli? Inachaji betri kwa dinamo ya kizamani au altaneta? Na betri: waya mzito unaokwenda kwenye bodi umefungwa kwenye chanya au hasi? Bila hayo tunapiga ramli. Nipo Kigoma, kazi hizi ndizo zinanilisha.

PijoMilele
Peugeot 504 haina mambo hayo. Nimemaliza.

Rewaya_Mwanga
@PijoMilele dashibodi ya 504 nimeifungua mara nyingi kuliko ulivyoipanda. Tulia.

Mzee_wa_Miombo
Kijana, mimi nasema agiza seti. Nisikilize kwanza. Enzi hizo barabara ya Sikonge ni vumbi, nilikuwa na Land Rover 109, ile ndefu, ya kubebea asali. Fundi mmoja akanisukia waya za dashibodi upya. Kwa macho kazi safi, tepu nyeusi imelala vizuri. Kumbe ndani kaweka waya wa nyumba, ule wa shaba moja nene. Ule haupendi mtikisiko. Tunatoka Ipole usiku na ndoo za asali nyuma, taa zikaanza kucheza, halafu moshi ukatoka pembeni ya geji. Waya wa kahawia, unaoleta moto moja kwa moja kutoka betri, ulikatikia palepale kwenye nati ya ampea mita, ile geji ya kuonyesha chaji, ncha ikaangukia bati la dashibodi. Waya ule hauna fyuzi! Maganda yanayeyuka na kudondokea miguuni kwangu. Spana hatuna. Utingo akaviringisha kanga mkononi, akang'oa kichwa cha betri kwa nguvu. Asubuhi nafungua boksi la fyuzi nakuta fyuzi moja imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fundi nilipomfuata akaniambia, "Mzee, si ilikuwa inawaka?"

Rewaya_Mwanga
Pole sana mzee wangu. Ila hapo kosa ni la waya, si la kusuka. Mleta mada anunue waya wa magari wenye nyuzi nyingi. Ukiona imeandikwa 14/0.30 ujue ni nyuzi 14 za milimita 0.30, inatosha taa ndogo na geji. Taa kubwa mbili za wati 60 kwa volti 12 zinavuta ampea 10, hapo weka 28/0.30 na ufunge rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ili moto usipite kwenye switi ya kizee. Na fuata rangi za kiwandani: kahawia moto wa kudumu, nyeupe ya funguo, kijani imeshapita fyuzi, nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi bodi. Kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, yenye mstari mweupe ni ya kulia. Ukisuka zote nyekundu, atakayekuja baada yako atakulaani.

Mwana_Isevya
Nimerudi wakuu, umeme ulikatika. Ni petroli. Geji ziko katikati ya dashibodi na ampea mita ipo. Ina dinamo. Betri nimeenda kuangalia na tochi: waya wa bodi uko kwenye CHANYA. Kuna mtu alikosea?

Rewaya_Mwanga
Hakuna aliyekosea. Hiyo ni Series II au IIA ya kabla ya 1967 hivi, zilitoka hivyo kiwandani. Usifunge betri kwa mazoea. Sasa swali: huo mkweche wa Urambo geji zake ziko wapi?

Mwana_Isevya
Mbele ya dereva.

Rewaya_Mwanga
Basi ni Series III, zile zilianza 1971. Waya za dashibodi yake hazikufai, urefu na mpangilio ni tofauti. Hata ukiagiza seti, wape namba ya chesisi, usiseme tu "109".

Mama_Nyuki
Mimi ningeununua mkweche hivyohivyo, vioo na switi utauza.

Dulla_Ujiji
Akishasuka ageuze betri iwe hasi kwenye bodi kama magari yote. Redio za sasa ukifunga kwenye chanya unaunguza. Na viungo apige solda, asibane na plaizi.

Rewaya_Mwanga
Kugeuza sawa, ila ageuze nyaya za koili ya plagi na za ampea mita, na dinamo iguswe kidogo na waya wa betri ishike mwelekeo mpya kabla ya kuwasha. Solda kwenye gari la porini sikubaliani nayo, waya unakatika pale solda inapoishia. Bana kwa koleo lenyewe la tamino, vile vichwa vya waya.

Dulla_Ujiji
Mimi napiga solda kwenye boti za ziwani na hazijakatika.

Rewaya_Mwanga
Boti ina makorongo?

KaziIendelee_tbr
Panya je? Si watakula tena?

Mama_Nyuki
Weka majani ya tumbaku nyuma ya dashibodi. Kwetu Kaliua ndiyo dawa.

Mzee_wa_Miombo
Uongo. Ghala la tumbaku nililolinda lilikuwa na panya wa kutosha. Fuga paka.

Mwana_Isevya
Asanteni. Seti ya nje nikijumlisha usafiri na ushuru inanitisha. Nafikiria kusuka, ila mzee kanitia woga na hiyo kahawia.

Mzee_wa_Miombo
Weka switi ya kukata betri karibu na kiti, kazi yoyote utakayofanya. Halafu huo mkweche una mlango wa nyuma mzima? Wangu umeoza.

Mwana_Isevya
Upo mzee, na bawaba zake.

Mzee_wa_Miombo
Usimjibu mwenye mkweche mpaka nikupigie. Nitumie namba PM.