Maneno adimu ya Kiingereza: tuwafundisheje wanafunzi wa sekondari?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu walimu wenzangu, nawasalimu. Ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na tangu mwezi uliopita nimekuwa nikiandika neno moja geni kwenye kona ya ubao kila asubuhi, pamoja na maana yake, ili vijana wapanue msamiati kabla ya kuingia kidato cha nne. Wamelipokea jambo hili kwa furaha, hata nikichelewa wananidai neno lao. Taabu imejitokeza wakati wa kusahihisha insha. Nilikuwa nimewapa neno "petrichor", nikaandika kwa haraka kwamba ni harufu nzuri ya mvua. Juzi binti mmoja mwenye bidii sana akaandika kwamba alipofika nyumbani kutoka bweni alipokewa na "the petrichor of my mother's pilau". Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikajilaumu, maana neno "harufu nzuri" nililiandika mimi. Mwenzake alitumia "defenestration" kueleza jinsi mwizi alivyoingia kwa dirishani, ilhali maana yake ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani.

Naomba ushauri wenu. Je, niendelee na utaratibu huu? Na kama niendelee, nichague maneno ya namna gani, na niyaeleze vipi ili yasipotoke?

Msomi wa Pwani

Mwalimu, usiache. Ninavyoona, umewapa maana bila kuwapa asili, na neno lisilo na asili huelea tu. "Petrichor" ni neno changa: lilibuniwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe na lile linalotaja majimaji yaliyosimuliwa kwamba hutiririka katika mishipa ya miungu badala ya damu. Mwanafunzi akishajua kwamba ndani ya neno mna jiwe, hatalipeleka jikoni. Atalibakiza nje, kwenye ardhi iliyokauka siku nyingi ikanyeshewa. Hilo la dirishani nalo lina kisa chake: mwezi Mei 1618, huko Prague, maofisa wawili wa mfalme na karani wao walitupwa nje ya dirisha la ngome, wakanusurika wote watatu, na tukio hilo likawasha Vita vya Miaka Thelathini. Aliyesikia kisa hicho hawezi tena kumwingiza mwizi ndani.

Hata hivyo, mimi ningeanzia karibu zaidi na nyumbani. Yapo maneno ya Kiingereza yanayoonekana magumu, kumbe ni ndugu wa maneno tunayoyatamka kila siku, kwa kuwa yote yalichotwa katika Kiarabu. Yetu yalishuka pwani moja kwa moja, nayo ya Waingereza yakazungukia Italia, Ureno, Hispania na Ufaransa, ndiyo maana yamefika yamebadilika sura. Chukua "cipher". Wanafunzi hulikuta likiwa na maana ya maandishi ya siri, au mtu asiyehesabiwa kitu, wakachanganyikiwa. Waambie ni "sifuri" yetu, na kwamba hata "zero" imetoka kwenye shina hilo hilo, ili anayehofia divisheni ziro ajue anaihofia sifuri iliyopitia Italia. "Tariff" na "taarifa" ni shina moja, kwa sababu ushuru ulianza kama tangazo la viwango vinavyotozwa. "Magazine" ni jamaa wa "hazina": kwanza ilikuwa ghala, ikawa ghala la baruti, ikawa kile kisanduku cha risasi kwenye bunduki, na mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London, Edward Cave, akalitumia katika jina la chapisho lake, akilichukulia kuwa ghala la habari. Tangu hapo ndipo maana ya jarida ilipoanza kuzoeleka.

Kwetu Mombasa neno linaloniridhisha kuliko yote ni "monsoon". Vitabu vya jiografia hulieleza kwa michoro ya mishale na mgandamizo wa hewa, na wanafunzi hukariri bila kuona kitu. Ukiwaambia ni "msimu", yaani majira ya kusafiri baharini, papo hapo wanaikumbuka kaskazi iliyoyaleta majahazi kutoka Omani na Ghuba, na kusi iliyoyarudisha.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni nipunguze kidogo shangwe hii. Neno adimu halimwongezei mtahiniwa alama kwa uadimu wake. Msahihishaji akiona "defenestration" katika insha ya mwizi wa kuku, hata likiwa limetumika sawasawa, anajiuliza kama mtoto alikuwa na jambo la kueleza au alikuwa na neno la kuonyesha. Mwalimu wa Zamu, ningekushauri uyatenge maneno yako mafungu mawili: ya kutambua anapoyasoma, na ya kuyatumia anapoandika. "Petrichor" libaki fungu la kwanza. "Boycott" liingie la pili, kwa sababu linatumika kila siku kwenye magazeti, na kisa chake ni kizuri: mwaka 1880 huko Ireland wapangaji wa mashamba walimsusia Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya kabaila, wakakataa kumvunia, nao wenye maduka wakakataa kumuuzia, hadi jina lake likageuka kitenzi. Sisi tuna "kususia", na maana zinalingana bila kupindisha.

Jambo la pili ni tahadhari kwa wanaopenda visa vya maneno, nami nikiwamo. Nilifundishwa shuleni kwamba "news" imetokana na herufi za kwanza za pande nne za dunia, nikawafundisha wengine hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Si kweli. Ni neno "new" lililotiwa wingi, mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema kwa lugha yao. Kisa kikiwa kitamu mno na neno likigeuka kuwa kifupisho cha herufi, kipekue kwanza kwenye kamusi inayotaja asili.

Mhitimu

Naongeza moja tu, kwa wanaofundisha vijana wa kiume wanaokaa nyuma ya darasa: "arsenal". Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya nyumba ya ufundi, na huo ufundi ndio "sanaa" yetu. Huko Venice likawa jina la karakana ya kuundia meli, kisha Waingereza wakaliita hivyo ghala na kiwanda cha silaha. Timu yenyewe iliundwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, ndiyo sababu ya ule mzinga kwenye nembo.

Mwalimu wa Zamu

Nawashukuru sana. Mzee wangu, shikamoo, na ushauri wa mafungu mawili nimeuchukua. Nimegawa ubao kwa mstari wa chaki.

Leo nilijaribu "arsenal". Kijana ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze alisimama kueleza habari ya mzinga, halafu akauliza mwenyewe kama "admiral" nayo ina uhusiano na "amiri". Nilimwambia unao, na darasa zima likaanza kuwinda maneno mengine, mpaka kengele ikalia hatujafungua kitabu. Binti wa pilau ameiandika upya sentensi yake. Sasa mama anapika, na "petrichor" ipo uani, mvua ikiwa imeanza. Kesho ni zamu ya "monsoon". Sitaandika maana yake. Nitaandika "msimu" pembeni, nisubiri waniambie wao.